Dikteta mwema au demokrasia inayochechemea? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilifundisha Uraia sekondari kwa zaidi ya miaka 20, kwanza Iringa, kisha hapa Mbeya. Nimestaafu, lakini maswali hayajastaafu. Yamehama tu kutoka darasani kuja kijiweni Mwanjelwa, na swali hili moja hurudi kila umeme ukikatika au diwani akionekana na gari jipya wakati mtaro haujachimbwa. Nimechoka kulijibu nusunusu huku kahawa inapoa, kwa hiyo haya hapa majibu yangu yote kwa pamoja.

Kwa kifupi, mwalimu: mtawala mmoja mwenye hekima anaweza kuwa bora kuliko demokrasia mbovu?

Anaweza, kwa muda. Anayekataa kabisa hajasoma historia. Wamekuwepo watawala wasiochaguliwa, au waliochaguliwa kwa kura za mchezo wa kuigiza, ambao walijenga barabara, wakapunguza wizi na kuacha watoto wengi shuleni kuliko walivyowakuta.

Mimi humuuliza muulizaji mambo mawili kabla hatujaendelea. Huyo mwenye hekima siku akikosea, nani atamwambia bila kupoteza kazi au uhuru wake? Na siku hekima ikimwishia, kwa uzee au kwa sifa za wapambe, ataondokaje? Ukinijibu hayo mawili, nitakupigia makofi na kulipa kahawa. Hadi leo bado najilipia yangu peke yangu.

Demokrasia mbovu ni ipi hasa?

Watu huchanganya vitu viwili. Kuna demokrasia inayochechemea: kura zinanunuliwa, wabunge wanasinzia, kesi za uchaguzi zinachukua miaka, lakini aliye madarakani anaweza kushindwa kweli, na akishindwa anafungasha virago. Halafu kuna nchi yenye masanduku ya kura na wino wa vidole, ila matokeo yanajulikana kabla ya siku yenyewe.

Uchaguzi wetu wa Oktoba 2025 ulifanyika huku kiongozi wa chama kikuu cha upinzani yuko mahabusu kwa shtaka la uhaini. Mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97, intaneti ikazimwa, na watu wakafa. Kijana mmoja akaniambia, "Unaona mwalimu, demokrasia haifai Afrika." Nikamwambia, mwanangu, gari lisilo na injini huwezi kulilaumu kwamba linakula mafuta.

Wazo hili la mtawala mwenye hekima lilianzia wapi?

Wengi huanza na Plato wa Ugiriki ya kale, aliyefananisha nchi na meli: huwezi kuwaachia mabaharia wagombanie usukani, mpe anayejua nyota na bahari. Mfano mzuri sana, ila waliomo melini wanakubaliana wanakwenda wapi. Sisi hata hilo hatujakubaliana, na ndiyo maana tuna siasa.

Karne ya 18 Ulaya ililijaribu wazo hili kwa vitendo. Frederick wa Pili wa Prussia alifuta mateso mahakamani na kujiita mtumishi wa kwanza wa dola. Catherine wa Pili wa Urusi alikuwa akiandikiana barua na Voltaire huku watumwa wa mashamba wakizidi kukazwa kamba shingoni.

Anayenivutia mimi ni Joseph wa Pili wa Austria, aliyetawala peke yake kuanzia 1780 hadi 1790. Huyu alikuwa mwema kweli, si wa matangazo. Mwaka 1781 pekee alitoa uhuru wa kuabudu kwa madhehebu yaliyokuwa yakibanwa na kuwafungua wakulima kutoka utumwa wa mabwana. Alifanya kazi usiku na mchana, akatoa amri kwa maelfu. Lakini kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia "mtukufu, hapa umezidi", amri zilifika hadi kwenye jeneza: mwaka 1784 aliagiza watu wazikwe ndani ya magunia, na jeneza liwe lenye mlango chini, linafunguka, maiti inadondoka kaburini, jeneza linarudi kutumika tena. Lengo lilikuwa kuokoa mbao. (Wauza mbao wa Mafinga wangeandamana.) Watu walikasirika mpaka akaifuta. Kufikia 1790, akiwa mgonjwa wa kufa, Hungary, iliyokuwa chini yake, ilikuwa ukingoni mwa uasi, naye akazirudisha nyuma karibu amri zake zote za huko, isipokuwa chache kama zile za dini na za wakulima. Alitaka mema, lakini hakuwashirikisha waliotakiwa kuyabeba, basi mzigo wakauweka chini.

Na Singapore? Kila mtu anaitaja Singapore.

Kila mtu, kweli. Lee Kuan Yew alikuwa waziri mkuu kuanzia 1959 hadi 1990, na mji ule uligeuka kutoka bandari yenye vibanda ukawa miongoni mwa nchi tajiri duniani. Sitakubishia.

Ila ukiipenda Singapore, ichukue yote. Chama chake hakikuwahi kuacha kuitisha uchaguzi, hata kama uwanja ulikuwa umeinama upande mmoja. Mahakama za biashara zilifanya kazi. Ofisi ya kuchunguza rushwa ilikuwepo tangu 1952, enzi za Mwingereza, na Lee akaipa meno. Ichukue na Chia Thye Poh, mbunge aliyekamatwa 1966 na kushikiliwa bila kufunguliwa kesi hadi 1989. Miaka 23. Nikitaja namba hiyo kijiweni huwa kimya kinatanda, kwa sababu kila mmoja anahesabu alikuwa wapi miaka 23 iliyopita.

Halafu hesabu wenzake. Mobutu wa Kongo alikuja 1965 akisema wanasiasa wameshindwa, nchi inahitaji mkono mmoja. Idi Amin 1971, maneno yale yale. Bokassa wa Afrika ya Kati hivyo hivyo. Siku ya kwanza huwezi kuwatofautisha na Lee. Wote wana sare safi na hotuba fupi. Wachumi wawili, Benjamin Jones na Benjamin Olken, walichapisha utafiti mwaka 2005 juu ya viongozi waliofia madarakani kwa ugonjwa au ajali. Waligundua kwamba kwenye tawala za mtu mmoja, kifo cha kiongozi hubadilisha sana mwenendo wa uchumi, ama kwa uzuri ama kwa ubaya. Kwenye demokrasia, mabadiliko hayo hayaonekani. Kwa Kiswahili cha sokoni: huko kwa mtu mmoja unacheza bahati nasibu, na tiketi unakatiwa wewe na wanao bila kuulizwa.

Babu zetu walitawaliwa na machifu na mambo yalikwenda. Mkwawa hakuwa dikteta mwema?

Swali hili nililipenda tangu Iringa, maana wanafunzi wa Kalenga walikuwa wananiuliza kwa hasira kidogo, kana kwamba nimemtukana babu yao.

Mkwawa alikuwa mtawala wa nguvu, na bila nguvu ile Wahehe wasingelifanya walilofanya Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, walipokivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Dola ile ilikuwa na amri moja, jeshi moja, habari zilikimbia kwa haraka. Vitani, mkono mmoja una faida.

Sasa rudi nyuma kidogo. Baba yake, Munyigumba, alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1870, hapakuwa na njia ya kukabidhiana kiti ambayo kila mtu aliiheshimu. Mwambambe alikitwaa, Mkwawa akakimbia, akarudi na watu wake, wakapigana. Mahali walipopigania panaitwa Lundamatwe mpaka leo, na Mhehe yeyote atakueleza jina hilo linahusu mafuvu yaliyorundikana. Hayo yalikuwa mafuvu ya vita vya kugombea kiti, kabla Mjerumani hajakanyaga Uhehe. Hayo ndiyo malipo ya kutokuwa na utaratibu wa kupokezana.

Ukishuka Tukuyu, kwa majirani zetu Wanyakyusa, unakuta jambo ambalo huwa nasikitika halimo kwenye vitabu vya Uraia. Wao walikuwa na ubusoka. Takriban kila miaka 30, kizazi cha baba kilikabidhi nchi kwa kizazi cha watoto. Moto wa zamani ulizimwa, ukawashwa mpya. Wana wakubwa wa chifu walitoka kuwa machifu, nchi ikagawanywa, na mzee akakaa pembeni akijua zamu yake imekwisha. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi huko na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliyaandika haya kwa kina.

Tena walikuwa na amafumu, wakuu wa vijiji ambao hawakuwa wa ukoo wa chifu, na walikuwa na imani juu ya pumzi ya watu: kwamba wanakijiji wakinung'unika kwa haki dhidi ya mtu, hata awe chifu, manung'uniko yale humwingia kama baridi, akaugua. Unaweza kuiita ushirikina. Mimi naona ilikuwa njia ya kumkumbusha mkubwa kwamba wadogo wana sauti. Chifu akikohoa, aliulizwa kwanza amemkosea nani.

Kwa hiyo anayesema Mwafrika kwa asili ni wa chifu mmoja asiyepingwa, aulizwe: Mwafrika yupi? Kutoka Iringa mpaka Tukuyu ni safari ya siku moja kwa basi, na hapo katikati umeshapita falsafa mbili za utawala.

Nyerere alitawala kwa chama kimoja, na alikuwa mwema. Huo si ushahidi?

Huo ndio ushahidi mzito kuliko wote, kwa pande zote mbili, ndiyo maana naujibu polepole.

Kama kuna aliyekaribia mtawala wa Plato katika maisha yangu, ni Mwalimu. Hakujilimbikizia mali. Kisomo cha watu wazima kiliwafikia bibi zetu. Mama yangu alijifunza kusoma chini ya mti. Mwaka 1985 aling'atuka mwenyewe, jambo ambalo wenzake wengi hawakuliweza.

Lakini tuangalie kilichotokea hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini. Kule Ruvuma, wakulima wa Litowa na vijiji jirani walikuwa wameanzisha ujamaa wao wenyewe mapema miaka ya 1960, kwa hiari, wakijiamulia mikutanoni. Mwalimu aliupenda. Mwaka 1969 chama kikaivunja jumuiya yao, kwa sababu ilikuwa inajiamulia mno. Yaani kitu pekee kilichofanana na alichokihubiri kilifutwa na chombo alichokiongoza.

Miaka miwili baadaye ikaja Isimani. Dakta Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alikuwa msomi wa shahada ya uzamivu na mwenye imani kali na ujamaa. Mtu wa hekima, kwa vipimo vya vyeti. Isimani ilikuwa nchi ya mahindi, yenye wakulima waliojipatia matrekta kwa jasho lao. Sikukuu ya Krismasi ya 1971 alimkuta Said Mwamwindi akilima shambani kwake. Wakagombana. Mwamwindi akampiga risasi, akaupakia mwili kwenye gari, akaenda nao mwenyewe polisi Iringa. Baadaye akanyongwa. Chuo cha ualimu cha pale Iringa kina jina la Klerruu. Nilipita mbele yake mara nyingi nikijiuliza: kama Isimani wangekuwa na diwani au mbunge wa kumpelekea malalamiko yenye uzito, maneno yale yangeishia kwenye kikao. Sisemi hivyo kumtetea muuaji. Mtu alikufa, na mwingine akafuata.

Na 1973 likaja tamko kwamba kuishi vijijini ni amri. Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni, wengine nyumba zao zikichomwa nyuma yao. Wengi wa watendaji hawakuwa wabaya. Walikuwa wanashindana kupeleka juu taarifa za kupendeza, na juu hapakuwa na gazeti wala chama cha kusema "si hivyo". Mtawala mwema alizibwa masikio na mfumo wake mwenyewe.

Magufuli je? Huyo alikuwa anafanya kazi.

Alikuwa anafanya kazi. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne, watumishi hewa waliondolewa, bwawa la Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza wakati wengi wakisema haliwezekani. Wanaomlilia hapa Mwanjelwa si wajinga. Machinga aliyekuwa anakimbizwa na mgambo, akapewa kitambulisho akauza kwa amani, ana sababu zake.

Ila uliza na wakulima wa mahindi wa Songwe na Rukwa mwaka 2017, mwaka wa mavuno mengi, serikali ilipozuia mahindi kuvuka mpaka. Bei ikaporomoka na gunia likakosa mnunuzi. Kila mkulima aliliona kosa siku ya kwanza. Mwenye nguvu ya kulisahihisha alikuwa mmoja. Uliza pia kuhusu Profesa Mussa Assad, mkaguzi mkuu wa hesabu, aliyeondolewa 2019 baada ya muhula mmoja. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema utaratibu ule ulikiuka Katiba. Mkaguzi ndiye jicho la mtawala mwenye hekima. Ukilitoboa, hekima inabaki kubahatisha. Takwimu za korona zilipoacha kutangazwa 2020, sisi wazee tulijihesabia wenyewe kwa misiba.

Alifariki 17 Machi 2021, na ndani ya miezi michache msimamo wa nchi juu ya korona ukageuka. Januari 2023 mikutano ya siasa ikaruhusiwa tena. Waliopenda mabadiliko hayo walifurahi. Mimi niliona jambo la kuogofya: nchi nzima iligeuka kwa sababu moyo mmoja ulisimama.

Zambia na Malawi wanabadilisha marais kila leo. Mbona hawajatuzidi?

Ukisimama Tunduma unaiona Zambia, ukisimama Kasumulu unaiona Malawi, kwa hiyo hatuhitaji kwenda mbali. Zambia waliopo madarakani wameshindwa kwa kura 1991, 2011 na 2021. Malawi walimwondoa Kamuzu Banda, aliyekuwa rais wa maisha, kwa kura 1994. Mwaka 2020 mahakama yao ilifuta uchaguzi ambao fomu zake zilipakwa wino mweupe wa kufutia, wakarudia, aliyekuwepo akashindwa. Mwaka 2025 wakamwondoa na huyo aliyeshinda.

Na Malawi bado ni maskini kutuzidi. Mafuta yanawaishia, fedha za kigeni hakuna, wanavuka Kasumulu kufuata bidhaa. Sitaficha hilo. Kura haioteshi mahindi. Nchi isiyo na bahari wala madini ya kutosha, yenye ardhi finyu na watu wengi, itateseka chini ya mfumo wowote, na Banda aliiongoza kwa mkono wa chuma miaka 30 bila kuitajirisha. Lakini Zambia ilipofilisiwa na madeni hadi kushindwa kulipa mwaka 2020, mwaka uliofuata wenye nchi waliwatoa waliokopa. Hakuna aliyekimbilia porini. Wafanyabiashara wa Tunduma walifunga maduka siku mbili tatu kwa tahadhari, kisha wakafungua.

China imewatoa watu wengi kwenye umaskini bila kura. Unasemaje?

Ni kweli, tangu mageuzi ya 1978. Chama kile kile, kwa mfumo ule ule, ndicho kilichosimamia njaa ya 1958 hadi 1961 iliyoua mamilioni kwa makumi, huku wakuu wa majimbo wakiripoti mavuno ya kubuni. Mchumi Amartya Sen alionyesha kwamba njaa kubwa ya namna hiyo haijatokea kwenye demokrasia inayofanya kazi, hata iliyo maskini. Wanaoitaja China huanzia 1978. Mimi naomba tuanzie 1949.

Wananchi wetu wanauza kura kwa kanga na kilo ya sukari. Wanastahili kupiga kura?

Anayenunua huwa na digrii. Mbona yeye hatumnyang'anyi kura?

Lakini kuna kisa kinachonichekesha. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi kuuliza wananchi kama wanataka vyama vingi. Takriban wanne kati ya watano walisema libaki chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na ikawa sheria 1992. Ina maana vyama vingi tulipewa kutoka juu, kama sare za shule. Labda ndiyo maana hadi leo vinatupwaya.

Si bora amri moja kuliko porojo za vikao?

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku mara ngapi? Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Nenda Njombe msimu wa viazi uone magunia yaliyovishwa vilemba. Amri ipo, mizani haipo shambani, na mkulima mmoja mbele ya lori hana ubavu. Palipo na ushirika wenye nguvu, dalali hupimiwa.

Wewe mwenyewe umewahi kuishi chini ya dikteta mwema?

Ndiyo, kijijini kwetu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, fundi mstaafu, mwaminifu hadi senti. Hakuitisha vikao, alisema vinapoteza muda, na ukweli ni kwamba kwa miaka tisa maji yalitoka kila siku. Funguo za ofisi alitembea nazo, spana ya valvu kuu ilikaa uvunguni mwake, na bomba limepita wapi alijua kichwani. Mimi ni miongoni mwa waliompigia makofi kila tulipoambiwa hakuna haja ya uchaguzi.

Alipopata kiharusi hakuweza kuzungumza tena. Bomba likapasuka. Tulichimba siku nne, vijana kwa wazee, kwenye shamba la mahindi ya watu, tukitafuta valvu ambayo yeye angetuonyesha kwa kidole kama mkono ungenyanyuka. Alikuwa amekaa kwenye kiti kibarazani, anatutazama, machozi yanamtoka.

Sasa kamati inachaguliwa. Inagombana. Mwezi uliopita tulimwondoa mweka hazina wa pili. Kikao kilichukua saa tano na mvua ikatunyeshea. Maji yanatoka siku tatu kwa wiki. Ramani ya bomba imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, imechorwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu kwa kalamu ya bluu, na valvu zote saba zimewekewa alama.